Kondoo wa Maji ya Manjano

Ulikuwa mwaka ule tuliokula viazi vilivyoungua na jalidi kule Mau, vyeusi ndani kama makaa, na tukavishukuru. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ilitufungia shambani karibu na Lanet: kutoka bila ruhusa ni kulala jela. Nyumba nayo ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, unabeba mtoto wako unakwenda usikokujua.

Kazi yangu ilikuwa kushika kondoo. Daktari wa mifugo, Mzungu, aliwadunga vijidudu vilivyouawa, kidogo kidogo, mpaka mwili wa kondoo ujifunze kupigana. Kisha tunatoa damu shingoni, tunaiacha igande, anachota maji ya manjano yanayobaki juu. Analichanganya tone na vijidudu kwenye kioo. Maji yenye nguvu huvishika mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika, na maji hayo ndiyo yaliyopelekwa maabara kutambua ugonjwa. Kondoo wa maji dhaifu alirudishwa malishoni. Mwenye nguvu alibaki kizimbani. Jike mmoja wa sikio lililopasuka aliwashinda wote, basi hakuona nyasi tena. Tulifungwa pamoja, yeye na mimi, mtoto wangu mgongoni.

Kushika nilijua. Kwetu Olenguruone ng'ombe alitolewa damu kwa mshale, jeraha likazibwa kwa mavi mabichi, akarudi kula. Hakuna aliyemkausha.

Asubuhi moja daktari akaja na chupa nyingi kuliko kawaida. Nyapara wetu akanieleza kwamba damu ya yule jike sasa imefika kilele cha nguvu zake, baadaye itapungua, kwa hiyo leo inatolewa yote. Nikauliza jeraha tutalifunga na nini. Akacheka, akasema maiti hafungwi jeraha.

Nikakiachia kichwa cha kondoo.

"Kondoo huyu sitamshika mpaka akauke."

Daktari hakukasirika. "Mama, hapana ogopa. Shika tu."

Nyapara ndiye aliyenisogelea. "Mama, utalala barabarani na mtoto kwa ajili ya kondoo wa Mzungu? Hata nyama yake hutaonja."

Mtoto akaanza kulia. Wao walikuwa wameziba mlango, nyuma yangu ukuta. Nilijua lori lingenibeba kabla jua halijatua. Lakini mimi sikuzaliwa kuinama, waulize wajukuu wangu. Daktari akauliza mara ya mwisho, nashika au sishiki.

"Kondoo huyu sitamshika mpaka akauke."