Njia ya Mita Tatu

Mlango wa nyuma wa jiko la Leonida ulitazamana na mlango wa nyuma wa jiko la Nailantei. Katikati palikuwa na kiwanja cha mzee mmoja aliyehamia Mbulu zamani, akakiacha kimeota majani. Ndani ya majani hayo miguu ya wanawake wawili ilikuwa imechimba njia nyembamba, yenye kutosha mtu mmoja na sufuria yake. Miaka ishirini na sita walipita hapo, asubuhi mmoja, jioni mwingine, na hakuna aliyewahi kuuliza ile njia ni ya nani.

Leonida alikuwa Mwiraki wa Buger, aliyeletwa Karatu mjini akiwa bi harusi wa seremala. Seremala alifariki, mtoto wao Josephati akaenda kutafuta maisha Babati, naye Leonida akabaki na nyumba, shamba dogo la mboga, na jiko lake la mabanzi lililojengwa kando ya nyumba. Nailantei alikuwa Mmasai wa Endulen. Marehemu mumewe alipata kazi ya ulinzi kwenye loji, akamleta mjini na mtoto mmoja mgongoni. Siku ya kwanza walipokutana, mtoto huyo, Tajewo, alikuwa anawaka homa, na mama yake alijua maneno matatu tu ya Kiswahili: maji, hapana, na asante. Leonida hakuuliza mengi. Alifunga khanga, akamwongoza mpaka zahanati, wakakaa kwenye benchi mpaka mtoto akalala.

Tangu hapo wakawa Mama Josephati na Mama Tajewo. Kiswahili cha Nailantei kilikua kwenye jiko lile, ndiyo maana mpaka leo anakizungumza kwa lafudhi ya Kiiraki, jambo linalowachekesha ndugu zake. Leonida alikuwa akichemsha mahindi yaliyokobolewa, Nailantei anakuja na kibuyu cha maziwa mgando, wanaponda pamoja, wanakula loshoro na watoto wote waliokuwa karibu.

"Ng'ombe wenu wote ni wetu," Nailantei alizoea kusema, maana babu zao walishawahi kuporana mifugo. "Nyie mnatutunzia tu."

"Basi njoo ukamue," Leonida alimjibu. "Mimi mgongo unauma."

Kisha mji ukapanuka. Ulikuja mkutano wa hadhara, watu wakaambiwa kwamba kitongoji chao kinarasimishwa: kila kiwanja kitapimwa, kitapewa namba na hati, barabara zitachorwa, magari ya zimamoto na ya wagonjwa yataweza kuingia. Watu walipiga makofi, Leonida naye akapiga. Vijana wa upimaji wakapita na mashine zao za miguu mitatu, wakachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na mwishoni mchoro ukabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata kwa siku kumi na nne, mwenye pingamizi alete.

Leonida alikwenda kuutazama. Alioneshwa kiwanja chake, akasoma jina lake, akaona limeandikwa sawasawa, akarudi nyumbani ameridhika. Hakutafuta ile njia. Nani anatafuta kwenye karatasi kitu anachokikanyaga kila siku? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alikuwepo, na lake halikuwepo vilevile.

Mwezi wa tano kile kiwanja cha katikati kikanunuliwa na Inosenti, kijana wa Rhotia aliyekuwa dereva wa watalii. Alitaka kujenga nyumba ya wageni. Alikuwa mtu mwenye heshima, akasalimia majirani wote kabla ya kuleta mchanga. Jumatatu moja Leonida alitoka jikoni na sufuria ya mahindi ya moto, akamkuta fundi amevuta kamba kuvuka njia.

"Mama, hapa hapapitiki tena."

"Mimi napita tu, baba. Naenda hapo kwa Mama Tajewo."

"Najua, mama. Lakini hapa hakuna njia. Kwenye ramani hakuna."

Mwisho wa wiki ukuta wa tofali ulikuwa umefika kiunoni. Siku hizo waliongea kwa kupaza sauti. "Mama Tajewooo!" "Ooo!" "Umeamkaje?" Ukuta ulipopita kichwa, na mashine ya kuchanganyia zege ilipoanza kunguruma, hata hilo likakatika. Kuzunguka nako hakukuwa mchezo. Kitongoji kile kimegawanywa na korongo, kwa hiyo anayetaka kufika upande wa juu bila kukatisha hapo lazima ateremke mpaka barabara ya lami, avuke kwenye kalavati, apande tena na vumbi lake. Kijana angetembea nusu saa. Leonida nyonga yake ya kushoto ilishachakaa, na Nailantei macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, pikipiki zilimtisha.

Kilichobaki kwa Leonida kilikuwa moshi. Asubuhi alisimama mlangoni pa jiko, akaangalia juu ya ukuta mpaka auone ukipanda kwa mwenzake. Moshi mweupe ni kuni mbichi, kwa hiyo Tajewo hajaleta kuni kavu. Moshi wa mapema ni safari au mgeni. Aliusoma moshi ule kama watu wanavyosoma barua, halafu akarudi ndani kunywa chai peke yake, na chai ya peke yake, alisema baadaye, haina sukari hata ukimimina kopo zima.

Baada ya miezi miwili akaenda halmashauri. Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo aitwaye Goodness, mwenye meza iliyojaa michoro iliyoviringishwa. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, siku za pingamizi zimeshapita," alisema. "Ila mchoro haujaenda mkoani kuidhinishwa, kwa hiyo marekebisho bado yanawezekana. Hiyo njia ilikuwa na upana gani?"

"Upana? Upana wa mtu."

Goodness alitabasamu, kisha akawa makini. Akamweleza kwamba njia ya watembea kwa miguu kwenye mchoro haipungui mita tatu. Tena haiwezi kuanzia jikoni kwa mtu ikaishia jikoni kwa mtu mwingine. Lazima iunganishe barabara na barabara, ya chini na ya juu, na iwe ya watu wote. Wenye viwanja vitatu inakopita lazima watoe ardhi kwa hiari yao na kutia saini.

"Kwako itapita huku pembeni," akasema, akiweka kalamu juu ya mchoro. "Hapa pana nini?"

Leonida aliangalia ncha ya kalamu. "Hapo ni jikoni kwangu," akasema.

Alirudi nyumbani na fomu kwenye mfuko wa plastiki. Kesho yake akamwendea Inosenti pale kwenye ujenzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kukuomba mita tatu."

Inosenti alisikiliza akiwa ameshika kofia mkononi. Hakukasirika. Alisema angeambiwa kabla ya msingi wa ukuta angefikiri vingine; sasa wageni wanataka utulivu, na njia ya watu wote maana yake ni kelele za watu wote. "Nisamehe mama. Nimeweka nguvu zangu zote hapa."

"Sikulaumu," Leonida alisema. "Ila usinijibu leo. Nitakwenda kuvunja jiko langu kwanza. Nikishavunja, ndipo unijibu."

Inosenti alidhani anatania. Leonida akamwita fundi aliyefundishwa kazi na marehemu mumewe, wakatoa masufuria nje, wakang'oa banzi moja moja. Mabanzi yalikuwa meusi kwa masizi ya miaka yote ile, na kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na alama za kisu alizokuwa akipimia urefu wa Josephati na Tajewo, wa huyu upande huu, wa yule upande ule. Nguzo hiyo hakuipasua kuni. Aliilaza chini ya kitanda. Josephati alipopigiwa simu na majirani, akampigia mama yake kutoka Babati.

"Mama, unavunja jiko kwa ajili ya njia ambayo haijakubaliwa? Akikataa je?"

"Akikataa nitapikia nje."

Na kweli alipikia nje, mafiga matatu chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani. Wiki ya pili mvua ya vuli ikaanza. Inosenti alikuwa akikagua mafundi wake juu ya jukwaa, akatazama chini upande wa pili wa ukuta, akamwona bibi yule ameinama juu ya moto unaofuka, khanga imemshika mgongoni kwa maji. Alishuka, akazunguka kote kule kwenye lami, akafika amelowa naye.

"Iko wapi hiyo fomu, mama?"

Alisaini akiwa amechuchumaa, karatasi juu ya kifuniko cha sufuria. Leonida akampa chai.

Ikabaki saini ya tatu. Jumamosi Leonida alipanda bodaboda kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamshika dereva kiunoni kama mtoto, wakazunguka mpaka juu. Nailantei alikuwa ameketi mlangoni akitunga shanga kwa kuzipapasa. Alisikia hatua, akainua uso.

"Huyo anayevuta mguu ni Mama Josephati."

"Ni mimi."

Walishikana mikono, hawakuachiana upesi. Leonida akamsomea fomu; kwake njia ingepita mahali palipo banda la ndama. "Banda si lolote," Nailantei alisema. "Ndama atalala popote." Akaweka dole gumba. Kisha wakakaa mchana kutwa. Hapakuwa na mahindi yaliyochemshwa, wakanywa maziwa matupu. Waliongea habari za wajukuu, na za mama yake Nailantei kule Endulen ambaye bado alikuwa hai, mkongwe wa kupindukia, mbishi vilevile. Jua lilipoegemea dereva alipiga honi. Nailantei alimsindikiza mpaka mwisho wa uwanja, akisema kwamba njia ikifunguliwa wataanza na loshoro, watu waone.

Mchoro uliosahihishwa ukaenda mkoani. Goodness alimwambia asubiri, na Leonida akasubiri. Vuli ikaisha. Watu walipanda, wakapalilia. Alipikia chini ya bati, macho yakipanda juu ya ukuta kila asubuhi.

Mwezi wa nne, Jumatano, moshi haukupanda. Alhamisi haukupanda. Ijumaa alichukua bodaboda, akakuta kufuli mlangoni. Jirani akamweleza: mama yake Nailantei ameanguka, amevunjika paja, amelazwa hospitali ya misheni Endulen. Tajewo alikuja na gari la kuazima alfajiri, wakaondoka mbiombio. "Alikuwa anatazama huko chini kwako," jirani alisema, "lakini gari lilikuwa limeshawashwa."

Leonida alikaa kidogo kwenye jiwe la mlangoni, pale ambapo mwenzake hukaa. Halafu akarudi.

Mwanzoni ilisemwa Nailantei atakaa huko wiki mbili, kisha mwezi. Mkongwe hakufa, lakini hakusimama tena. Alitaka kugeuzwa, kulishwa, kuongeleshwa, na hakumkubali mtu mwingine ila binti yake. Tajewo akaona nyumba ya mjini isilale tupu, akaipangisha kwa mwalimu wa sekondari.

Mwezi wa nane Goodness alikuja mwenyewe, na mpima na vijana wawili wenye sururu. Mchoro ulikuwa umeidhinishwa. Walichimbia bikoni nane za zege za kuonyesha mipaka, mbili mbili, kutoka barabara ya chini hadi ya juu. Inosenti alivunja kipande cha ukuta wake, akajenga kingine upande wa ndani, akapanda michongoma. Goodness alimwita Leonida aone mchoro mpya: mstari mwembamba, na pembeni yake maandishi madogo, njia ya waenda kwa miguu.

"Bibi, mwenyekiti wa kitongoji anasema njia hii umeivunjia jiko. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Umefurahi sasa?"

Leonida aliangalia ile njia nyeupe, iliyonyooka, pana kuliko chumba chake cha kulala. Alimshika binti bega. "Umefanya kazi nzuri," akasema.

Siku ileile watu walianza kupita. Wanafunzi wa upande wa juu waliokuwa wakizunguka lami kila asubuhi sasa walishuka hapo wakikimbizana. Wanawake wa maji, wauza mandazi, mjamzito mmoja aliyekuwa anakwenda kliniki, akamshukuru Leonida bila kujua anamshukuru kwa nini hasa. Josephati alikuja likizo akamjengea jiko la tofali upande mwingine wa nyumba. Lilikuwa jiko zuri, lisilovuja, na mlango wake ulitazama barabarani.

Simu za kutoka Endulen ziliingia kwa kudra, mpaka mtu apande kilima kutafuta mtandao. Jioni moja mwezi wa kumi simu ikaita.

"Mama Josephati! Unanisikia?"

"Nakusikia. Mama anaendeleaje?"

"Anakula. Ananitukana. Yuko vizuri." Upepo ulipiga kwenye simu. "Ile njia wamefungua?"

"Wamefungua. Imenyooka. Watu wanapita mpaka wamechosha macho."

"Na wewe unapita?"

"Napita kila asubuhi."

"Unakwenda kwa nani?"

"Nafika mlangoni kwako," Leonida alisema. "Namsalimia mwalimu. Nageuka."

Kisha Nailantei akaanza kumweleza jinsi mvua ilivyonyesha mapema huko juu mwaka huu, nyasi zimefika magotini, ng'ombe wamenenepa mpaka wamekuwa wavivu, na Leonida, amesimama katikati ya njia na simu sikioni, akamwambia aendelee, aeleze habari zote, asiruke hata moja.