Bendi ya Mabubu

Rebeka Njiku alikuwa stendi ya Shelui, kabeba mfuko wa nepi na unga wa uji, anakwenda kumwona dada yake Flora aliyejifungua, aliposikia gitaa lake mwenyewe likitoka kwenye spika ya muuza chipsi.

Alilijua papo hapo. Siku waliporekodi, kidole chake kiliteleza pale tuni inapopanda, waya ukakwaruza, na wenzake wakamwambia acha hivyo hivyo, pamependeza. Mkwaruzo ule ulikuwepo. Lakini juu yake kulikuwa na mwanaume anaimba. Anambembeleza sijui nani arudi nyumbani, beibi hivi, beibi vile, na kila gitaa lilipotaka kusema kitu, yeye keshalifunika.

"Kaka, huu wimbo wa nani?"

Muuza chipsi alimshangaa. "Dada, unaishi wapi wewe? Huyu si ndiye Gasto Boi, wa hapo Singida mjini! Redioni wanaupiga kila siku."

"Na gitaa kapiga nani?"

"Gitaa gani?"

Rebeka alimtazama yule kijana mpaka akajishuku na kurudi kwenye karai lake. Kwa Flora alikaa muda mfupi tu. Alimpakata mtoto, akamrudisha kwa mama yake, akasema ana shida mjini. Flora aliona hata uji hakuugusa, akadhani ni homa.

Haikuwa homa. Mwanamke huyu alikuwa amemeza mengi kwa ajili ya gitaa. Alipokuwa msichana kule Mungaa, mwalimu wa kwaya alimwambia wasichana wanaimba, vyombo ni vya wavulana. Akajifunza hivyo hivyo, kwa kuiba muda wakati wenzake wamekwenda kunywa chai. Alipohamia Singida mjini, akapata kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na huko ndiko alikokutana na Mansuri, kijana wa duka la vitenge, aliyekuja kununua mafuta ya kupikia nyumbani. Marehemu baba yake Mansuri alikuwa ameacha sanduku la kanda za zamani: muziki wa magitaa wa Ulaya na Marekani, hakuna anayeimba, ala tupu. Rebeka alisikiliza kanda ya kwanza akiwa amesimama dukani kwao, katikati ya vitenge, akasahau kukaa.

Basi wakaunda bendi. Rebeka gitaa la solo, Mansuri kinanda, Mosi besi, Chediel dramu. Walipiga kopi za tuni zile zile, lakini kwa mkono wao, wakizipa mwendo ambao mtu wa Singida anaweza kuuchezea. Kila walipotaka kuanza, Chediel alishika kipaza sauti akataja tuni ni ya bendi gani na ya nchi gani. Huo ulikuwa utaratibu wao, na Rebeka ndiye aliyeushikilia.

Watu waliwaita mabubu. Kila harusi ilikuwa vilevile: "Mwimbaji wenu yuko wapi?" Mara nyingine mshehereshaji anamfuata Rebeka kabisa: "Wewe dada una sura nzuri, si uimbe tu, gitaa umwachie mwanaume?" Mwishowe wakaliandika jina hilo kwenye dramu, Bendi ya Mabubu, na Mansuri ndiye aliyecheka kuliko wote. Mansuri ndiye aliyekuwa akisema, "Waache. Sisi tunajua tunachofanya."

Na rekodi ilikuwa kwa Mansuri. Kwa mtu mwingine haikuwepo.

Rebeka alishuka stendi ya Singida akaenda moja kwa moja dukani. Mansuri alikuwa anapima kitambaa. Mama yake, Bi Hanifa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Rebeka alikuja na hasira, lakini kwanza alipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekauka midomo hivyo?"

"Nimetoka Shelui, mama. Nimemsikia Gasto Boi."

Mkasi wa Mansuri ukasimama.

"Rebeka, nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Sikiliza. Gasto alikuja hapa, akausikia, akaupenda. Nikampa ajaribu tu. Na umeona mwenyewe, watu wanausikiliza! Miaka yote tunapiga, nani alitusikiliza? Haukuwa na maneno, Rebeka. Watu wanataka maneno."

"Mimi nilitaka maneno? Uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Ulijua nitakataa, ukaenda!"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua khanga waliacha kuchagua. Mansuri akashusha sauti, na hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Na kwani tuni ni yako? Si tuliichukua kwa watu, kama Gasto alivyoichukua kwetu? Wewe nawe mpiga kopi tu."

Rebeka alipiga kiganja mezani, mita ya mbao ikaanguka.

"Tuliichukua tukasema! Kila mahali tulisema ni ya nani! Chediel ana kigugumizi, na bado anasimama mbele ya watu anasema! Gasto kamtaja nani? Wewe umemtaja nani? Vidole hivi ni vya nani, Mansuri?"

Bi Hanifa alimgeukia mwanawe, akamwuliza taratibu kama ni kweli. Mansuri akaokota mita. Mama yake akavuta mtandio, akasema mbele ya wateja, "Umenitia aibu," akaingia ndani.

Baada ya hapo Mabubu walibaki watatu. Mosi alijaribu kupatanisha, Rebeka akamwambia achague upande au anyamaze, na Mosi akanyamaza.

Siku ya mnada, walialikwa Shelui kupiga mchana, karibu na mabanda ya nyama choma. Walipoanza tuni ile, watu walishangilia kwa nguvu ambayo Mabubu hawakuwahi kuipata. Rebeka akainua uso. Halafu wakaanza kuimba. Umati mzima, wachuuzi wa vitunguu, matingo wa malori, wanawake wenye kuku mikononi: beibi rudi nyumbani.

Aliendelea kidogo, meno yameumana. Kisha akamgeukia Chediel akampigia mguu mwendo mwingine, wa kukimbia na kukatika. Chediel akaelewa, Mosi akafuata. Maneno ya Gasto yakakosa pa kukaa. Watu walirukia mstari wakaukuta umepita, wakasubiri mwingine ukaja mapema, wakaanza kuchekana, kisha kukasirika.

"Piga vizuri!" mmoja akapiga kelele. "Unatuharibia wimbo!"

Rebeka akasimamisha gitaa, akachukua kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Huu hauna maneno. Walioutunga hawakuweka maneno. Aliyeyaweka ameiba mkono wangu. Anayetaka kuimba, aende akamwimbie muuza chipsi."

Wengi waliondoka, wengine wakizomea. Waliobaki walikuwa wachache, na Rebeka aliwapigia tuni yote tangu mwanzo, kwa nguvu mpaka waya mmoja ukakatika, akamalizia kwenye nyaya zilizobaki.

Baadaye Mansuri, kwa kusukumwa na mama yake, alimfuata kwenye mashine ya alizeti. Alisimama mlangoni akaomba msamaha, ikabidi apaze sauti ili asikike juu ya injini.

"Mimi nimekusikia," Rebeka alisema. "Sasa kaseme redioni."

"Rebeka, hiyo haiwezekani."

"Basi nenda kauze vitenge."

Mansuri hakwenda redioni. Wimbo bado unapigwa, na wanapokutana sokoni Rebeka humsalimia Bi Hanifa, akampita mwanawe kama nguzo ya umeme.