Mate Niliyokataa Kuyatema

Waru zikitoka ardhini hunukia kuliko mkate, na asiyekubali na aje Kibirichia wakati wa kuvuna abishane nami. Waru ni viazi mbatata, na harufu yake ni ya udongo baridi, majani makavu na magunia mapya, na hukaa kwenye nywele hata ukioga. Msimu ninaousimulia nilikuwa darasa la sita, na mimi harufu hiyo ilinishika kuliko wenzangu wote kwa sababu nilikuwa natoka jasho. Kwetu upepo hushuka kutoka mlimani moja kwa moja, watu wanachimba viazi wakiwa wamevaa sweta mbili, nami nilikuwa na blauzi tu, mgongo umelowa. Nilikula githeri sahani baada ya sahani na bado nikakonda. Nyanya akasema nina minyoo, nikanyweshwa dawa hadi minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ikahama. Mikono ikaanza kutetemeka, vikombe vikaniponyoka, mwalimu akasema mwandiko wangu ni wa kuku. Nikikaa tu kwenye kigoda, moyo ulinienda mbio kama mtu anayekimbizwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Changu kilikuwa kooni mwangu na hakuna aliyejua.

Kisha macho yakatoka. Sisemi yaliumwa, yalitoka, yakawa makubwa, weupe ukaonekana juu na chini, nami nikitazama mtu hata kwa upendo alidhani namkodolea. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kuna watu wanaosemekana kuwa na jicho baya. Mwenye jicho hilo akisifia mtoto mnene au mnyama mzuri bila kutema mate kidogo, basi aliyesifiwa huugua. Na dawa ni ileile: huitwa aje, akitemee mate kile alichokiharibu, kipone. Jambo dogo, utasema. Si dogo hata kidogo! Akishatema, amekiri. Hakuna anayemwambia asante, nenda salama. Hubaki na jina, na jina hilo humfuata hadi kwa mumewe na kwa watoto wake, na kila kuku akifa kijijini mtu hukumbuka mlango wa kugonga.

Jirani yetu Baba Mwenda alikuwa na ndama mwekundu mwenye doa jeupe usoni, nami nilimpenda kupita kiasi. Asubuhi moja nikipita na jembe nikasema nikiwa nje ya ua, "Ai, huyu ndama ni mnono!" Nikaenda zangu. Wiki haikuisha, ndama akaacha kunyonya na masikio yakalala. Baba Mwenda akaja kwetu na mkewe, pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Walikaribishwa, wakapewa chai, wakauliza habari za mvua. Kisha mzee akaweka kikombe chini.

"Mama Kagwiria, hatukuja na ubaya. Msichana amtemee ndama mate tu, tumalizane."

Nyanya akaitikia haraka kwamba ni sawa. Baba yangu hakuwepo, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ndizi Mitunguu, kwa hiyo macho yote yakamgeukia Mama. Mama akasema, "Mtoto ni mgonjwa. Kesho kutwa nampeleka Meru kwa daktari. Tukirudi tutaongea." Baba Mwenda hakugomba. Aliuliza tu zamu yetu ya kuvuna ni lini. Kwetu viazi huvunwa kwa zamu, leo shamba lako kesho langu, na sote tulielewa alichouliza. Asiyetema angebaki na shamba lake peke yake.

Daktari wa homoni alikuja Meru mjini mara moja kwa mwezi, na benchi la kumngojea lilijaa mapema. Kulikuwa na wenye sukari, wenye shingo zilizovimba, na mama mmoja aliyesema kwa sauti, bila kuona haya, kwamba ndevu zinamwota na kwamba daktari yeyote atakayemcheka leo atamjua yeye ni nani. Nilimpenda mama yule papo hapo. Nilikuwa nimeshaamini niko peke yangu duniani, kumbe kulikuwa na benchi zima letu. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Aliniuliza mimi kwanza, si Mama: "Wewe unasikia nini mwilini?" Jamani, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo! Nikamwaga yote. Akasimama nyuma yangu, akanishika koo kwa vidole vya baridi, akanipa maji nimeze. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, na karatasi ikacheza yenyewe. Mama alipoiona ikicheza akalia, kwa sababu ya vile vikombe vyote alivyonigombezea. Daktari akasoma majibu ya damu niliyotolewa zahanati juma lililotangulia, waliponiandikia nije kwake, akatueleza kwamba mbele ya koo kuna tezi inayotengeneza homoni, na yangu ilikuwa inatengeneza kupita kiasi, ikauendesha mwili wangu mbio usiku na mchana. Akasema hata hasira zangu huenda zilichochewa na hiyo tezi. Nawajulisha kwamba tezi ilitulia baadaye, hasira zikabaki.

Nikamuuliza lililoniuma. "Daktari, macho yangu yanaweza kuua ndama?"

Akacheka, kisha akaona kwamba sisi hatucheki, akanyamaza. Mama akamsimulia. Daktari akavua miwani, akanisogelea. "Kagwiria, hii tezi imekuumiza wewe, si ndama. Ndama ana ugonjwa wake, atafutiwe daktari wake." Hakunidanganya juu ya macho. Alisema vidonge vitanituliza moyo na mikono, lakini macho yanaweza kuchukua miaka, na pengine yasirudi kabisa. Nililia njia nzima, ila nilimheshimu kwa kuniambia.

Tuliporudi tuliwakuta Baba Mwenda na watu wake uani kwetu. Walikuwa wamemleta ndama kwa wilbaro, amelazwa juu ya magunia, ulimi nje. Majirani wamejipanga kando ya ua, maana macho hayana pazia, na siku hiyo hakuna aliyetaka kukosa. Nyanya akanishika bega. "Tema tu, mjukuu wangu. Mate hayana gharama." Nilimwonea ndama huruma, nisiseme uongo. Mate yalinijaa mdomoni. Nilijua kwamba nikitema watatuvunia viazi, Nyanya atalala usingizi, na jioni ile ile mambo yatakuwa yamekwisha. Nikainama, nikampapasa masikio, yalikuwa ya moto. Nikameza.

"Huyu ana homa," nikasema. "Mwiteni daktari wa ng'ombe."

"Mtoto, tema," mzee akasema.

"Sitemi ng'o! Mimi ni mgonjwa, si mchawi."

Watu wakaguna. Wote wakamtazama Mama, wakingoja anizabe kofi, kwa maana mtoto hamjibu mzee hivyo, na mimi mwenyewe nililingoja. Mama akaweka chini mfuko wa dawa, akaja akasimama kando yangu. "Mmemsikia," akasema.

Ndama alikufa. Laiti ningekuwa natunga, angepona, lakini alikufa, na kijiji kikasema lisemwalo lipo. Zamu yetu ilipofika hakuja mtu. Tulichimba Mama, Nyanya na mimi, Nyanya akininunia kutoka mtaro hadi mtaro, na viazi vingine vikaozea ardhini. Nilimeza vidonge vyangu na kuchimba. Kidogo kidogo mikono ikatulia, nikavaa sweta kama watu wengine. Msimu uliofuata majirani wakaanza kurudi, si kwa kuomba radhi, bali kwa sababu mashamba yao yalihitaji mikono yetu. Kutema sikutema, na hakuna mtu Kibirichia anayeweza kusimama leo aseme aliniona nikitema.

Sasa mimi ni mwalimu huku Embu. Macho yangu hayakurudi yote. Nikiingia nyumba yenye mtoto mchanga, bado kuna wanaovuta kanga kumfunika. Nawatazama vizuri, tena kwa kituo. Daktari wa homoni hatumngojei tena mwezi mzima, majibu ya damu huletwa kwa simu, na watu hutaja tezi kama wanavyotaja malaria. Nilidhani yale ya jicho baya yamekwisha. Juzi kliniki nikakaa, madaftari ya kusahihisha mapajani, karibu na msichana wa kule Manyatta, ameinama, leso ameivuta hadi kwenye nyusi. Alipoinua uso niliyaona macho yale, na yeye akayaona yangu. Mama yake alikuwa kwenye dirisha la kulipia. Msichana akanong'ona, "Mwalimu, nawe walikwambia uteme?"

"Waliniambia. Nikakataa, ndama akafa."

Machozi yakamtoka. "Mimi nilitema. Na mbuzi akapona."

Mimi ndama alikufa nikabaki mtu. Yeye mbuzi alipona, naye akabaki na jina la jicho baya. Hasira yangu ya zamani, ambayo hakuna kidonge kilichoiweza, ikapanda hadi kooni. Nikamvua leso polepole, nikaikunja, nikampa aishike.

"Mwenye mbuzi anakaa mbali na kwenu?"

"Ni jirani."

"Basi ukitoka kwa daktari tunakwenda wote. Hutasema kitu. Nitamsifia mbuzi wake mimi, kwa sauti, mbele ya watu, na mate nitayameza. Kisha mwenyewe akae hapo mlangoni, kesho na kesho kutwa, aone kama mbuzi ataacha kula majani kwa sababu ya macho haya."

Muuguzi akaita jina lake. Akasimama, akafuta uso kwa kiganja, akaingia kwa daktari kichwa wazi.