Mivuto Sitini ya Glenda Crutchfield

"Toa sura yangu kwenye hiyo chupa, Twyla! Mimi sijafa!"

Ndivyo alivyonivamia Jumanne ile asubuhi, mlango wa kituo cha mafuta bado unagonga nyuma yake, theluji imemganda viatuni, na watu sita kwenye foleni wanasubiri niwape mikate midogo ya moto na rojo la soseji. Mkono mmoja ameshikilia kaunta, wa pili ananyooshea ile chupa ya achari niliyokuwa nimeiosha, nikaibandika picha yake na kuandika kwa kalamu nene: MSAIDIENI GLENDA APUMUE.

"Na picha yenyewe! Ya harusi ya Rhonda, nimefumba jicho moja!"

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Watu wananunua sigara, chenji wananitupia mimi. Mimi ombaomba?"

"Unapumua kama birika bovu, Glenda. Nani kasema habari ya ombaomba?"

Alitaka kunijibu, pumzi ikakataa. Akainama, kifua kikawa kinapiga mluzi, wale wa foleni wakaanza kutazama viatu vyao. Hewa ilipomrudia aliivuta chupa, akabandua picha kwa kucha, na zile hela akazimimina kwenye chupa ya jirani, ya kijana wa Combs aliyevunjika mgongo mgodini. Kaunta yangu ilikuwa na chupa tatu majira yale. Kaunta zote za Laurel Gap zina chupa. Huku ukiugua, unapigwa picha.

"Haya," akasema. "Nipe kahawa. Na nailipia."

Huyo ndiye Glenda. Miaka ishirini na saba alifua mashuka ya hospitali yetu ya kaunti, kule chini kwenye ghorofa isiyo na dirisha, dawa ya kung'arisha nguo inamuingia puani na vumbi la pamba linamjaa kifuani. Mashuka ya waliozaliwa na ya waliokufa yote yalipita mikononi mwake. Akiniona na doa kwenye aproni hunitajia, mbele za watu, linatoka kwa maji ya baridi au ya moto. Kisha wakaja wanaume wenye tai, wakasema hospitali haileti faida, wakaifunga. Sasa humo wanalala njiwa. Hospitali iliyo karibu iko maili arobaini na saba, upande wa pili wa mlima.

Mapafu yake yalikuwa yameshakwisha. Kilichokuwa kinamshikilia ni dawa ya kuvuta, kikopo cha zambarau chenye mivuto sitini, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Ubavuni kina kidirisha chenye namba inayorudi nyuma: sitini, hamsini na tisa, hamsini na nane. Ukiwa huna bima, kikopo kimoja ni dola mia nne na zaidi. Glenda alikuwa keshia kwenye duka la vitu vya bei rahisi, saa ishirini na nane kwa wiki, maana mwenye duka anajua kupima: saa zikizidi hapo, atadaiwa bima. Kwa hiyo aliishi na kadi ya bima ya jimbo, ile ya watu wa kipato cha chini, na aliionea haya hata akaificha nyuma ya leseni ya gari.

Tena alikuwa na mdomo. Televisheni ya kituo changu ikiwaka, hakosi neno. "Nusu ya watu wa bonde hili hawataki kazi," atasema. "Serikali inawalea kama vifaranga."

"Na kadi yako je, Glenda?"

"Mimi nimefanya kazi."

"Na wao wanasema hivyo hivyo."

"Basi na wasimame tuwaone mikono."

Wanasiasa wote kwake walikuwa wezi, ila wale aliowapigia kura walikuwa wezi wanaokwenda kanisani.

Sasa sikiliza alichokifanya. Huku kila mwenye kadi ile anajua kuhesabu saa zake. Mwezi ukikaribia mwisho na mshahara ukikaribia mstari wa kunyimwa kadi, unaumwa tumbo, unarudi nyumbani. Hata mameneja wanajua, wanakuuliza kwa upole, "Tumbo vipi leo?" Glenda alilijua hilo na akaliita utapeli. Krismasi wasichana wawili wa dukani walipopata mafua, meneja akamwomba azibe pengo, na yeye, ambaye hajakataa kazi tangu azaliwe, akafanya saa arobaini wiki nne mfululizo. Akawanunulia wajukuu baiskeli. Mwanzo wa Februari ikaja barua: kipato chako kimevuka kiwango kwa dola thelathini na nane, bima yako imekoma.

Tulijaza fomu upya mezani kwangu, mimi nasoma, yeye anasaini. Sauti ya simu ikatuambia majibu ni ndani ya siku arobaini na tano.

"Na kwa hizo siku arobaini na tano nivute nini?" Glenda akaiuliza ile sauti. Ikamwekea muziki.

Aprili ndiyo alikuwa anatimiza miaka sitini na mitano. Tarehe mosi ya mwezi huo angepata kadi ya wazee, ile anayopewa kila mtu, ile aliyokatwa mshahara kwa ajili yake tangu akiwa na miaka kumi na saba. Hiyo hakuionea haya. Ilikuwa tarehe tano Februari. Siku hamsini na tano. Kidirisha kilikuwa kinasoma thelathini na moja.

"Siku moja navuta mmoja, siku moja navumilia," akaniambia. "Nafika na mingine inabaki."

"Utafika umekuwa wa bluu."

"Bluu inanipendeza."

Ndipo nikamwekea ile chupa, akaja kuniangushia mbingu kama nilivyoeleza.

Wiki mbili baadaye mbunge wetu akatuma mtu. Mwenyewe hakuja. Alikuja kijana mwenye faili, viatu havijawahi kuona tope, akakaa kwenye kituo cha wazimamoto kutusikiliza. Dakika mbili kila mtu, na kengele ndogo mezani. Glenda alikuwa amejiandikia kwenye mgongo wa risiti ndefu ya dukani. Alipaka rangi ya mdomo. Kutoka kwenye kiti mpaka kipaza sauti ni hatua kumi na mbili, nilizihesabu, na alipofika hakuwa na hewa.

"Naitwa Glenda Crutchfield," akasema, akasubiri. "Nilifua… mashuka ya hospitali… mliyoifunga." Akasubiri tena. "Nimenyimwa bima… kwa sababu nilifanya kazi. Sikuiba. Nilifanya… kazi. Mtu anieleze hiyo."

Akaanza kukohoa. Alikohoa, na saa ya ukutani inakwenda, na yule kijana anatazama kengele yake kama anaiomba radhi. Akaigonga. *Ting.*

"Asante sana, mama. Anayefuata?"

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Harlan Pruitt. Huyu ni jirani yake Glenda, nyumba ya kwanza kuvuka kijito, mchimbaji mstaafu mwenye mapafu meusi ya makaa. Walikuwa hawasemeshani tangu uchaguzi. Harlan alichomeka bango la upande wake uwanjani, Glenda akalipitia juu kwa gari. Alidai breki zilishindwa. Harlan alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Mpe zangu," akasema.

"Samahani, mzee?"

"Dakika zangu mbili. Mpe huyo mwanamke. Kura yake ya kipumbavu, lakini mashuka alifua."

Watu wakacheka. Glenda hakucheka. Zile dakika mbili za pili hakuzitumia kwa maneno. Alishika kipaza sauti akapumua tu ndani yake, ule mluzi ukatoka kwenye spika zote za kituo, ukagonga magari ya zimamoto na kuturudia. Hakuna aliyejongea. Kijana akawa anaandika, na mimi niliyekaa nyuma yake niliona alichoandika: *mashuka.*

Nje, kwenye maegesho, Harlan alimfuata mpaka kwenye gari.

"Umebakiza mivuto mingapi?" akamuuliza.

"Hayakuhusu."

"Crutchfield, mimi navuta hiyo hiyo. Mfuko wa wachimbaji unaniletea kwa posta. Mingapi?"

Glenda akatazama pembeni. "Ishirini na nne."

Harlan akatoa mfukoni kikopo cha zambarau, bado kiko ndani ya boksi. Najua sheria haitaki, basi hilo likae hapo hapo.

"Siombi sadaka, Harlan Pruitt."

"Nani anakupa? Nakuazima. Mivuto sitini. Kadi ya wazee ikija, unanirudishia sitini. Usiponirudishia nitachomeka bango uwanjani kwako."

Glenda alilisoma lile boksi mkononi mwa Harlan, theluji inamwangukia nyweleni. Mwisho akakichukua, akamshika Harlan mkono kama watu waliouziana ng'ombe.

Ungedhani sasa atavuta kama alivyoandikiwa. Ng'o! Alikifungia kile cha Harlan kwenye kabati la vyombo akaendelea na siku moja navuta, siku moja navumilia, akisema akijikongoja na mivuto yake bila kukigusa hatakuwa na deni. Sikujua. Ningejua ningekwenda kuvunja kabati. Jioni ya tarehe kumi na nne Machi nilimkuta dukani kwake chini ya rafu za sabuni, amekaa sakafuni kati ya maboksi aliyokuwa anayashusha, midomo ina rangi ya wino.

Meneja ameshika simu. Glenda anamkazia macho, anatikisa kichwa.

"Usiite… gari la wagonjwa."

"Glenda!"

"Elfu tatu… hilo gari. Elfu tatu… kwa safari. Twyla… ana gari."

Basi nikamvuta mpaka kwenye gari langu lisilo na joto upande wa abiria. Maili arobaini na saba. Mlimani tukakwama nyuma ya lori la magogo, barabara haina pa kupitia, na mimi nampigia honi na kumtukana mama yake dereva, Mungu anisamehe. Kila kona nilimwambia Glenda aseme kitu. Aliweza neno moja moja. "Twyla." Kona. "Kanyaga." Kona. "Mafuta." Kona. "Nitalipa." Baadaye akanyamaza, nikaendesha kwa mkono mmoja, wa pili nimemwekea kifuani nijue kama kinapanda. Kulikuwa na mahali, karibu na daraja, sikukisikia. Nililia kwa sauti kubwa kama mtoto na sikutoa mguu kwenye mafuta.

Hospitalini walimrudishia pumzi. Siku tatu, mipira puani, sindano. Siku ya nne wakamtoa, na wiki iliyofuata ikaja bili ya dola elfu thelathini na moja. Glenda aliisoma amesimama jikoni, akafungua oveni, akaiweka ndani pamoja na mikebe ya keki.

"Hiyo nitakufa nayo," akasema. "Hata wao wanajua. Wameandika namba wasiyotegemea kuiona."

Kile kikopo cha Harlan ndicho alichotoka nacho hospitalini, maana chake kilipotea kati ya yale maboksi, na kesho yake nilikwenda kukichukua hicho kabatini na kukifungua mwenyewe, na manesi wakamwapisha avute asubuhi na jioni. Safari hii aliogopa, akavuta. Niliiona namba ikishuka. Ile barua ya siku arobaini na tano ilifika tarehe ishirini na nane: ombi limekubaliwa, ila kwanza tutumie tena karatasi za mshahara. Nayo ikafuata njia ya oveni.

Tarehe mosi Aprili alinipigia simu saa mbili asubuhi. Kadi imefanya kazi. Dola arobaini na saba, na mfamasia amempa kikopo kipya.

"Nipeleke kwa Harlan," akasema alipoingia garini mwangu pale kwenye duka la dawa.

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini."

Nikafunga breki katikati ya barabara. "Glenda, wanakupa kimoja kwa mwezi! Kile cha Harlan kimebakiza mingapi?"

Alikitoa mkobani, akakiinamisha kwenye mwanga. "Ishirini na tano."

"Ishirini na tano, kwa mwezi mzima! Umesahau lile daraja?"

"Sijasahau chochote. Endesha."

Harlan alikuwa barazani, mpira wa oksijeni puani, bakuli la maharage na mkate wa mahindi magotini. Mpira huo hakuwa nao Februari. Glenda alipanda ngazi zile nne moja moja, akipumzika kila moja, na mimi sikumshika, maana angenipiga. Akamkabidhi boksi.

Nilikuwa nangoja Harlan aseme, acha, kaa nacho. Mtu yeyote angesema. Nikafungua mdomo nimweleze imebaki mivuto mingapi, Glenda akanikanyaga mguu, kisigino chote.

Harlan aliweka bakuli chini. Akalifungua boksi, akasoma tarehe, akakisogeza kidirisha karibu na jicho.

"Sitini," akasema.

"Kamili," akasema Glenda.

Akakitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. "Basi, Crutchfield. Sikudai."

"Hunidai," akasema yeye, na mabega yakamshuka, akatafuta kiti.