Kweupe

Tulipofika Goma tukikimbia vita vya Masisi, ng'ombe wangu walikuwa wamekwisha, na kazi niliyoipata ilikuwa kuchunga kondoo wa labo moja, yaani maabara, katika mtaa wa Himbi. Kondoo hao hawakuwa wa nyama. Mama wa labo, fundi aliyepima vijidudu vya magonjwa, alihitaji damu yao. Mimi niliwashika shingo, yeye alichoma sindano, kisha nikaitikisa damu ndani ya chupa yenye shanga za kioo ili isigande. Aliichanganya na kitu kama uji unaoshikana ukipoa, akaimimina kwenye visahani, na juu yake akapanda vijidudu.

Watu wa labo waliniita Papa Kondoo. Mke wangu alicheka alipolisikia jina hilo. Alisema alikimbia na mwenye ng'ombe, akafika na mchunga kondoo, na tukikimbia tena atajikuta na mtu wa kuku.

Tulikaa kambini, sisi wawili na mama yake. Kwetu mwanaume hazungumzi ana kwa ana na mama mkwe wake. Hata katika hema ile ndogo, neno langu lilipita kwa mke wangu ndipo limfikie yule mzee, na lake lilirudi kwa njia hiyohiyo.

Siku moja mke wangu alijikata mguu kwenye jiwe la volkano akienda kuchota maji. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Baadaye mguu ulivimba, homa ikapanda, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Tulimpeleka hospitali. Walimwanzishia dawa, na usaha wake ukaletwa kupimwa palepale nilipofanya kazi.

Asubuhi mama wa labo alikitoa kisahani cha usaha wa mke wangu kwenye sanduku la joto, akakiinua dirishani. Mimi nilikuwa mlangoni na majani ya kondoo mikononi.

"Imefanya kweupe," alimwambia mwenzake.

Sikungoja zaidi. Kwetu hilo ni neno jema. Mtu akishinda kesi mbele ya wazee, husemwa ametoka mweupe. Niliacha majani pale chini, nikaenda hospitali mbio, nikamwambia mke wangu kwamba damu imekuwa kweupe. Yeye akamwambia mama yake, na mama yake akapiga magoti kando ya kitanda. Mke wangu akaomba mashanza, maziwa yetu ya kugandisha, akanywa kikombe kizima.

Niliporudi, mama wa labo alikuwa ananitafuta. Alinisimamisha dirishani na kunionyesha. Kila kitone cha vijidudu kilikuwa kimezungukwa na duara lisilo na rangi, na kupitia hapo niliviona vidole vyake.

"Papa, pale kweupe ndipo damu imekufa," alisema. "Hii mikrobe inatoa sumu, na sumu inapasua damu. Daktari amekwisha kubadilisha dawa."

Nilirudi hospitali nikitembea. Nilimweleza mke wangu kwa sauti ndogo.

"Basi kondoo wako wamenidanganya," alisema.

"Kondoo hawana kosa. Ni masikio yangu."

"Mama nitamwambia mimi. Leo umuache apumue."

Hakupata nafasi. Dawa mpya ilikuta damu yake imekwisha kuharibika sana, na kesho yake alifariki.

Wakati wa kilio mama mkwe alikaa na wanawake, akawa anasema, bila kunitazama, kwamba kuna watu waliomwambia mwanawe amekuwa kweupe. Alirudia maneno hayo kila siku. Nilitaka kumjibu, lakini yule aliyekuwa akipeleka maneno yangu tulikuwa tumemzika. Nikakaa nayo.

Mama wa labo alikitunza kile kijidudu. Alikikuza ndani ya mchuzi wa nyama, akauchuja kwa kichujio ambacho vijidudu havipiti, apate kuijua sumu yenyewe tu. Niliposikia, nilimwomba amwonyeshe mama mkwe wangu, nikatuma jirani amwite.

Alikuja na kitenge chake cha kilio. Mama wa labo alimwonyesha kichupa cha damu ya kondoo iliyozimuliwa, nyekundu na nzito hata usione ng'ambo. Akadondoshea ule mchuzi. Tulingoja. Kidogo kidogo uzito ule ukatoweka, rangi ikabaki kama ya divai.

"Iko wapi hiyo mududu?" mama mkwe aliuliza.

"Haimo tena, mama. Ni sumu yake tu. Damu ikifa hivi, ukaona ng'ambo, ndiyo sisi tunaita kweupe."

Alikichukua kichupa, akakiweka mbele ya kitenge chake. Maua ya kitenge yalionekana yote, na mishono. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, macho chini.

"Ni kweupe kweli," alisema. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe. "Haukunidanganya, mukwe."

Sikuwahi kumjibu. Nilisema, "Ndiyo, mama."

Alirudisha kichupa, akatoka, akakaa kwenye jiwe karibu na kondoo mpaka nilipomaliza kuwalisha. Tulirudi kambini pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.