Kifutio cha Mtaalamu

Mimi hujiita mtaalamu. Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Watu huniletea picha za michezo ya video, zile zilizochapwa nakala chache tu, niwaambie kama ni adimu kweli au wamepigwa changa la macho. Siri iko kwenye namba ya pembeni, kama 17/200, yaani nakala ya 17 kati ya 200, ambayo msanii huiandika kwa penseli. Bila namba hiyo, picha ni bango tu. Naigusa kidogo kwa kifutio: ikififia, ni penseli, ni halisi. Wino wa mashine hauondoki.

Jana shemeji yangu alitazama picha yangu mwenyewe ya joka, fahari ya sebule yangu kwa miaka sita, akacheka. "Shemeji, hii si feki?"

Damu ikanichemka. Nikaitoa kwenye fremu, nikasugua namba kwa kifutio mbele ya macho yake kwa hasira zangu zote.

"Umeona? Penseli tupu! Halisi!"

Akainama kuitazama ile kona. Ilikuwa nyeupe pe.

"Nimekubali, shemeji," akasema kwa upole. "Ilikuwa halisi."