Fomu Inayodai Namba ya Nyumba

"Sasa huyo aliyekataa yuko chumba gani, nikamweleze?"

Mzee mmoja mfugaji aliuliza hivyo juzi kwenye kaunta ya ofisi moja huku Hanang, baada ya karani kumwambia kwamba mfumo wa kompyuta umekataa ombi lake. Lambo la kunyweshea mifugo la kwao Getanuwas limekauka, naye alikuja kuomba kibali cha kuhamisha ng'ombe.

"Mzee, mfumo hauendi mbele bila namba ya nyumba."

"Nyumba yangu haina namba. Ina watu."

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikamwamkia mzee shikamoo, kisha nikamgeukia karani. "Kaka, si uweke sifuri tu?"

"Dada, nikiandika uongo nitaulizwa mimi."

Mzee akajitupia shuka begani, akaondoka bila kibali.

Nilichemka, maana nasomea kutengeneza tovuti chuoni na najua kwamba mfumo haukatai mtu. Kuna mtu aliyeuandikia mstari mmoja: kisanduku hiki kisiachwe wazi. Muhula uliopita niliuandika mstari huohuo, darasa likanipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza kama nyumba za Getanuwas zina namba, wala mimi sikujiuliza.

Wewe unayetengeneza fomu, tafadhali, kabla hujaikabidhi, mpe mfugaji mmoja aijaze mbele yako.